Mama Hajui Naruto ni Nani, na Kosa ni Lako

Wadogo zangu wa hapa Nakuru, wa Bondeni, Kivumbini, Flamingo na Kaloleni, na nyinyi mnaonisoma kutoka Njoro, Molo na Gilgil, sikilizeni. Leo nina barua tatu, na zote zinahusu katuni za Kijapani. Nilizisoma nikiwa kwenye foleni ya maji, nikawa nacheka peke yangu, mpaka mama aliyekuwa nyuma yangu akauliza kulikoni. Nikamwambia watoto wetu wana shida na Wajapani. Akaguna, "Kwani wamewakopesha pesa?"

Barua ya kwanza ni ya kijana wa kidato cha tatu, wa Kivumbini. Mama yake alifungua daftari lake la hesabu akakuta limejaa macho makubwa, nywele zilizosimama kama miiba, na mbweha mwenye mikia tisa. Daftari likapelekwa kwa wazee wa kanisa, wakaliombea. Sasa kijana hana daftari, simu imefungiwa kabatini, na anataka nimfundishe namna ya kumfanya mama aelewe anime.

Mdogo wangu, kuhusu hesabu mama ana haki. Daftari la kuchorea halipiti bei ya chapati tatu. Nunua lako, la hesabu liache lifanye hesabu. Hilo tumemaliza.

Sasa nijibu bila kunizungusha: umewahi kumsimulia mama hadithi yenyewe? Simaanishi kumwambia "ni anime tu, mathe, huwezi kuelewa," kisha ukarudisha vipokea sauti vya masikioni. Naongea habari ya kumsimulia, tangu mwanzo, kama unavyowasimulia wenzako mkitoka shule. Najua hujawahi. Najua kwa sababu hata mimi ilinichukua miaka.

Nilikuwa nikiishi na shosho hapa hapa Bondeni. Nilikuwa nikijaziwa Naruto kwenye flashi katika duka la muvi, narudi nayo nyumbani, nageukia ukuta, natazama mpaka usiku wa manane. Pale panapoliza, nilikuwa nalia. Shosho aliona mabega yanatikisika akajua nimeachwa na mwanamume, akaanza kunipikia uji wa wimbi bila kuuliza kitu. Halafu usiku mmoja stima zikapotea mtaa mzima. Simu haina chaji, giza totoro, sisi wawili na mshumaa. Akauliza, "Huwa unalilia nini humo ndani?"

Nikaanza. Nikamwambia kulikuwa na kijiji kilichovamiwa na mbweha mkubwa kama mlima, mwenye mikia tisa. Mkuu wa kijiji akautoa uhai wake ili amfungie yule mnyama, na mahali alipomfungia ni ndani ya tumbo la mtoto mchanga. Kijiji kikapona. Mtoto huyo, Naruto, akakua yatima, na watu wale wale waliopona kwa ajili yake wakawa wanawavuta watoto wao kando akipita. Hajui amekosa nini. Hana wa kumpikia. Mtu wa kwanza kumjali ni mwalimu wake, ambaye humpeleka kwenye kibanda cha tambi, wanakaa kwenye viti virefu, wanakula.

Kimya. Nikadhani amelala. Kisha nikasikia, "Huyo wa kibanda, alimdai pesa?"

Kesho yake asubuhi, anakata sukuma wiki, hata hajanisalimia vizuri: "Yule mtoto wa mbweha, mama yake hakuwa na dada?" Mbweha mwenyewe hakumshtua hata kidogo. Shosho amelelewa na ngano za irimu, lile zimwi linalomeza watu na ng'ombe wao, mpaka anatokea mtu wa kulikata kidole, wote wakatoka wazima. Mbweha mwenye mikia tisa ni jirani tu wa irimu aliyehamia nchi nyingine. Kilichomkosesha usingizi ni kijiji kizima kushindwa kumpa yatima sahani ya chakula. Na ukiniuliza mimi, huko ndiko kuielewa hadithi ya Masashi Kishimoto, mtunzi wa Naruto, kuliko wengi wenu mnaobishana nani ana nguvu kumshinda nani.

Kwa hivyo wazee wa kanisa wasikukere. Wameonyeshwa mchoro usio na hadithi, na mchoro wa mnyama mwenye mikia tisa ukiwa peke yake unatisha kweli. Mbweha wa namna hiyo yumo kwenye ngano za kale za Japani kama irimu alivyo kwenye zetu, na sijasikia mtu akisema shosho anaabudu irimu. Mwambie mama hivyo, kwa adabu, lakini hadithi itangulie. Ukianza na utetezi utasikika kama mtu aliyeshikwa.

Tena mtaa huu haukuanza jana kupenda hadithi za watu wa mbali. Waulize wazazi wenu kuhusu filamu za Kihindi walizozitazama bila kujua neno la Kihindi, wakalia na kutoka wakiimba. Waulize kuhusu Bruce Lee. Na filamu za mapigano zilipoingia mabandani, DJ Afro alizishika akazisimulia kwa lugha yetu, na chumvi yake juu, mpaka mzee asiyejua Kichina wala Kiingereza akawa anacheka kabla ya ngumi kutua. Watu thelathini kwenye banda moja, benchi moja, msimulizi mmoja. Wewe unatazama peke yako, umegeukia ukuta, na masikio yamezibwa. Mama anachokiona ni mgongo wako. Ungekuwa wewe, ungeuombea pia.

Na msimulizi wa kukusaidia hayupo. Kampuni ya Shueisha, ile inayochapisha Naruto na One Piece, ilizindua mwaka 2019 programu iitwayo MANGA Plus, ambayo kwa hadithi nyingi hukupa sura tatu za kwanza na tatu za mwisho bure kwenye simu. Utaisoma kwa Kiingereza, Kihispania, Kifaransa, Kiindonesia, Kithai. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo kazi ya DJ Afro iko wazi, mdogo wangu, na mteja wa kwanza yuko jikoni.

Hapa niseme neno juu ya flashi. Sitajifanya mtakatifu baada ya kukiri hapo juu nilikozitoa zangu. Lakini palipo na njia halali ya bure, itumie, kwa sababu wachoraji hawa hawalali. Kishimoto alichora Naruto kwa gazeti la kila wiki kuanzia 1999 hadi 2014, sura 700. Kentaro Miura, aliyechora Berserk, alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 54 tu, na hadithi haijaisha. Tomu za kununua ziko Nairobi, lakini One Piece pekee imepita tomu 100. Ukitaka zote utauza ng'ombe. Mkiwa watano, changeni mnunue moja moja, mzungushe. Na wale mliosoma madrasa mna bahati yenu: manga, yaani vitabu vya michoro vya Kijapani, husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kitabu kinaanzia pale wengine wanapodhani ni mwisho. Mwaka jana nilimwona mtoto wa madrasa hapa mtaani akimfundisha mwenzake, "Shika kama juzuu." Somo likaisha hapo.

Saa nazo. Naruto ya kwanza ina vipindi 220, Shippuden 500. Kila kipindi ukitoa matangazo ni kama dakika 23. Nilipiga hesabu nyuma ya risiti: saa 276, yaani siku kumi na moja na nusu bila kulala, bila kula, bila kwenda msalani. Kidato cha tatu unazo siku hizo? Unazo, ukizitawanya kwa miaka mitatu na nusu. Huna, ukitaka kuzimaliza likizo ya Aprili. Vipindi viwili Ijumaa, viwili Jumamosi, simu ikirudi kabatini kwa mkono wako mwenyewe kabla hujaambiwa. Mzazi akikuona unairudisha mwenyewe mara tatu, mara ya nne husahau kufunga hilo kabati.

Na nyinyi wakubwa mnaowawekea wadogo wenu chochote kilichochorwa ili wanyamaze, acheni. Nilimwekea mpwa wangu wa miaka saba Attack on Titan, nikaingia jikoni kugeuza chapati. Sikuwa nimeitazama. Katika kipindi cha kwanza kabisa, jitu linamla mama wa Eren, mhusika mkuu, mbele ya macho ya mtoto wake. Mpwa wangu alilala kitandani mwangu wiki nzima, na dada yangu hakuniongelesha kwa muda mrefu zaidi ya huo. Japani huchora kwa ajili ya watoto, wavulana, wasichana na watu wazima, kila kundi na magazeti yake. Doraemon ya watoto na Berserk ya watu wazima zote ni michoro, kama vile uji na busaa zote hutokana na nafaka.

Barua ya pili ni ya msichana wa Flamingo, yuko chuo huko Njoro, anasomea mambo ya mifugo. Amejiunga na kundi la wapenzi wa anime na kila akisema neno, vijana humfanyia mtihani: mtaje huyu, mtaje yule, ngazi ya tano inaitwaje. Akikosa moja wanasema anafuata mkumbo. Anauliza kama asome zaidi ili wamkubali.

Hapana. Ukifaulu mtihani huo watatunga mwingine. Toka humo, utafute wengine wawili watatu wanaopenda hadithi, mkae nao. Lakini kabla hujatoka, waulize swali moja: Fullmetal Alchemist ilichorwa na nani? Wataijua, wataitaja kwa mbwembwe. Kisha waambie Hiromu Arakawa ni mwanamke. Alikulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido, akafanya kazi shambani miaka saba baada ya shule kabla ya kwenda Tokyo kuchora, na mpaka leo akijichora yeye mwenyewe hujichora ng'ombe aliyevaa miwani.

Wewe wa mifugo, kuna kazi yake nyingine ungeifurahia kuliko hao vijana wote: Silver Spoon. Ni hadithi ya kijana wa mjini anayeenda shule ya kilimo, akidhani ni mahali pa kujificha asisome sana. Anapewa kazi kwenye zizi la nguruwe, anampenda kinguruwe mmoja mnyonge, anampa jina la chakula ambacho kinguruwe huyo atakuja kuwa. Unajua mwisho wake, kwa sababu wewe umesoma darasani nguruwe hufugwa kwa nini. Yeye hajui kama ataweza. Nilisoma hadithi hiyo nikaona Molo yote: baridi ya alfajiri, ndoo, ng'ombe anayekataa kusimama, mzazi anayehesabu deni la shamba. Mtu anayeamka saa kumi kukamua aweza kuisoma akasema huyu mwandishi hadanganyi. Hao watahini wako wangehitaji maelezo ya chini ya ukurasa.

Barua ya tatu imeniuma. Msichana wa miaka kumi na tisa, jina na mtaa nimevificha, anataka kwenda Nairobi kwenye tamasha la Otamatsuri akiwa amevaa kama Nezuko wa Demon Slayer. Vazi analo akilini. Tatizo, anasema, ni rangi. Ameambiwa na "rafiki" kwamba Nezuko mweusi haendi, na sasa ameanza kuulizia mkorogo.

Dada mdogo, wacha kabisa. Unasikia? Krimu hizo zina vitu vinavyokula ngozi na figo, na tamasha ni la muda mfupi tu. Mhusika havaliwi kwa ngozi. Huvaliwa kwa vazi, nywele, na vile unavyosimama. Na kama huyo rafiki anataka kuleta historia, mwambie mwaka 1581 Mwafrika waliyemwita Yasuke alifika mbele ya Oda Nobunaga, mbabe aliyetawala sehemu kubwa ya Japani, akachukuliwa katika utumishi wake na kupewa upanga na nyumba. Netflix wakamtengenezea anime yake 2021. Sisi tulishafika huko kabla ya huyo rafiki kuzaliwa.

Tuongee vazi sasa, hapo ndipo raha. La kwanza kwangu lilikuwa joho la Akatsuki wa kwenye Naruto, lile jeusi lenye mawingu mekundu. Nilinunua buibui la mitumba, pana, halina hata doa, nikampelekea fundi wetu wa hapa Bondeni mwenye cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaitazama, akairudisha mbali kidogo kwa sababu ya macho, akauliza, "Hii ni ya kwaya gani?" Nikasema si kwaya. "Basi ni ya dini gani?" Nikasema ni ya majambazi kwenye hadithi. Akacheka mpaka akaacha kukanyaga. Lakini alipoanza, alianza kwa moyo: mawingu akayakata kwenye kitambaa chekundu kilichobaki kwa sare ya shule fulani, akayazungushia utepe mweupe mwembamba, akaniambia kola iliyosimama lazima itiwe kanvasi ndani la sivyo italala kama sikio la mbwa. Sikuwa nimemwambia habari ya kola. Akina mama watatu wa kwaya ya kweli walioingia kuchukua magauni yao wakaliona, na mmoja akauliza bei. Fundi akamjibu, "Hili ni la majambazi, mama," bila kuinua kichwa.

Kwa Nezuko utahitaji shuka la waridi la mitumba, kipande cha mwanzi kutoka kwa seremala kipigwe msasa vizuri kisikuchane midomo, na msusi mzuri wa mtaani kwako, kwa sababu nywele zako zikiachiwa ziwe nyeusi na ndefu kwa rasta, ncha zikitiwa rangi ya chungwa, utakuwa umemaliza. Nendeni mkiwa kundi, badilisheni nguo ukumbini, na mjue gari la mwisho la Nakuru linaondoka saa ngapi kabla hamjajua jukwaa liko wapi. Mtu mliyefahamiana mtandaoni akisema mkutane kwanza kwake ndipo mwende pamoja, jibu ni hapana, hata kama ana picha nzuri za Tanjiro, kaka yake Nezuko.

Wote watatu mmeuliza jinsi ya kufika Japani, kila mmoja mwishoni mwa barua, kama jambo la aibu. Si aibu. Samuel Wanjiru alikuwa kijana wa Nyahururu, hapo tu ukipanda kutoka hapa. Mwaka 2002, akiwa na miaka 15, alikwenda kusoma sekondari huko Sendai kwa sababu ya mbio zake. Akajifunza Kijapani, akakimbia kwa niaba ya kampuni ya huko, na 2008 Beijing akaipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki, kwa saa 2:06:32. Alikwenda kwa miguu yake. Wewe utakwenda kwa alama zako au ufundi wako. Serikali ya Japani hutoa ufadhili wa masomo, na maombi hupitia ubalozi wao Nairobi. Mtihani wa lugha, wenye ngazi tano kuanzia N5, unafanyikia Nairobi pia. Ila usiende kwenye mahojiano na Kijapani cha Naruto. Huyo huongea kama mtoto wa mtaani, na wahusika wengine hutumia "kisama," ambalo ni tusi. Ni sawa na mgeni ajifunze Kiswahili kwa makanga wa stendi halafu aende kumposa binti wa watu.

Nirudi kwako, wa Kivumbini. Jumapili hii, mkishakula, usiiombe simu. Kaa pale mama anapokaa akichagua mchele, mwambie kuna yatima mmoja unataka kumsimulia habari zake. Anza na kibanda cha tambi. Mbweha mlete baadaye. Halafu niandikie uniambie aliuliza swali gani.